Mbweha Aliyefunikwa Macho

Ambrose Tolland wa Marlstone alikuwa mwana wa Godfrey, na Godfrey alikuwa mwana wa Hugh, na Hugh alikuwa mwana wa Ambrose wa kwanza, yule aliyejenga ukuta wa mawe unaoizunguka bustani ya matufaha, ukuta ambao hadi siku za habari hii haukuwa umeangusha hata jiwe moja. Hawakuwa watu wa kutajwa magazetini. Walikuwa watu wa kutegemewa. Wote wanne walikalia kiti kimoja kanisani, upande wa kushoto chini ya dirisha la Mtakatifu Matayo. Wote wanne waliamua kesi za wezi wa sungura bila haraka na bila upendeleo. Na wote wanne, kila mmoja kwa zamu yake, walibeba baragumu la shaba la Bwana Mkuu wa Mawindo, yaani kiongozi wa wawindao mbweha kwa farasi na mbwa, baragumu ambalo majina yao yalichorwa kuuzunguka mdomo wake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja iliyowafanya majirani wawatanie, ingawa kwa heshima. Mbwa wa mawindo alipokufa, akina Tolland hawakumtupa. Walimzika kwa mikono yao wenyewe, wakamlaza ubavu wa kuume, wakamkutanisha miguu ya mbele, wakamlaza kichwa juu yake kama alalavyo mbwa mbele ya moto, kisha wakamfunika macho kwa kitambaa cheupe cha flana ili udongo usimwingie. Hugh ndiye aliyeianzisha. Hakuna aliyemwuliza sababu, na mwanawe na mjukuu wake waliifuata kwa kuwa yeye aliifanya.

Hivyo ndivyo Ambrose alivyoishi: aliyafanya mambo kwa kuwa yalikuwa yakifanywa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwenye mabega mapana na uso mwekundu, asiye na mke. Jumapili alikula nyama ya kondoo ya kuoka. Maoni yake kuhusu ngano, maaskofu na reli aliyarithi pamoja na samani. Lavinia Chaddesley, binti pekee wa Kanali Chaddesley wa ng'ambo ya mto, alipenda kumchokoza.

"Bwana Ambrose," alimwambia siku moja, "nikikuuliza habari za leo, utaniambia upepo unatoka mashariki."

"Lakini unatoka mashariki, Bi Lavinia."

Alicheka hadi akaegemea lango. Ambrose hakujua kilichomchekesha, ila alilipita lango lile kila siku kwa muda wa juma zima.

Alimpenda. Hakuwa amelisema neno hilo kwa sauti hata akiwa peke yake juu ya farasi, lakini mwezi wa Januari alimwandikia barua, akaichana, akaiandika tena mara kumi na moja, na ile ya kumi na moja akaipeleka. Kanali alikubali siku ile ile, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akiingoja barua hiyo miaka mitano. Lavinia aliomba apewe nafasi ya kufikiri hadi Jumamosi ya mkutano wa mawindo, ambapo wapanda farasi wote wa wilaya wangekusanyika mbele ya nyumba ya baba yake.

Kila mtu alijua alichokuwa akikifikiri. Alikuwa akimfikiri Daktari Edwin Sarle, kijana mwembamba aliyetoka mjini miaka miwili nyuma, mwana wa mwuza vitambaa, aliyetembea kwa miguu kwenda kwa wagonjwa wake na aliyesahau kuvua kofia pale ilipompasa kuivua. Kanali alikuwa amemkataza kuvuka kizingiti chake, isipokuwa mtu awe anakufa.

Mambo yalikuwa hivyo ilipofika Alhamisi asubuhi, Jethro Spurling, mlinzi wa msitu wa Marlstone, alipokuja kumwita bwana wake mezani.

"Bwana mkubwa, kuna jambo. Naomba uje mwenyewe."

Walikwenda hadi nyuma ya kibanda cha mjane Keziah Pruett, penye miti ya hozeli. Mbwa wa Spurling alikuwa amefukua udongo mbichi. Ndani ya shimo alilala mbweha jike, manyoya yake bado yanang'aa, na ubavuni alikuwa na matundu ya marisau.

Ambrose alihisi damu ikimpanda usoni. Katika nchi ile mtu angeweza kusamehewa ulevi, na hata kuoa mara mbili angalau kungezungumzwa. Lakini kumpiga mbweha risasi lilikuwa jambo lisilotajwa mbele ya wanawake. Aliyelifanya hakupewa mkono tena. Milango ilifungwa mbele yake, na watoto wake walikumbushwa.

Kisha akaona jinsi alivyolazwa. Ubavu wa kuume. Miguu ya mbele imekutanishwa, kichwa juu yake. Na machoni, kitambaa cheupe cha flana.

Spurling alikuwa akiitazama miti. "Mimi sikuona kitu, Bwana," alisema polepole. "Anayezika namna hii namjua mmoja tu, na mkate ninaoula ni wake. Mtu huwa na sababu zake."

"Spurling, mimi sikumpiga mbweha huyu."

"Naam, Bwana. Ndivyo nitakavyosema."

"Nakuambia kweli!"

"Nami nakuitikia, Bwana."

Lakini Ambrose alikuwa ameanza kukumbuka. Miaka kumi na minne nyuma, msichana mmoja alisimama katika bustani ya Marlstone akilia juu ya mzoga wa Ringwood, mbwa mzee aliyempenda kuliko wanasesere wake. "Udongo utamwingia machoni," alilia, asinyamazike. Ambrose, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na saba asiyejua namna ya kumbembeleza mtoto, alifanya kitu pekee alichokijua: akapiga magoti, akamwonyesha. Hivi unamlaza. Hivi unamkutanisha miguu. Hivi unamfunika. Mtoto alifuta machozi, akafanya mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo.

Duniani walikuwa wawili tu wanaoijua kazi ile kwa mikono yao. Mmoja alikuwa yeye.

"Mfukie," alimwambia Spurling. "Na ufunge mdomo."

Spurling alimfukia, lakini mdomo hakuufunga, na yote aliyatenda kwa mapenzi. Jioni ile ile kilabuni, akihofu mtu asije akamdhania bwana wake, alitamka kwamba mbweha amepigwa risasi nyuma ya kibanda cha mjane Pruett, na ni nani aendaye huko kila siku na mkoba wake mweusi? Habari za flana hakuzitaja. Kufikia Ijumaa adhuhuri hapakuwa na jiko lisilojua kuwa Daktari Sarle ni mwua mbweha.

Na Ijumaa alasiri Daktari Sarle mwenyewe alikuja Marlstone, viatu vimejaa tope, akakataa kuketi.

"Nimekuja kukuondolea kazi, Bwana Tolland. Nasikia Kanali atakutaka utaje jina kesho, mbele ya watu. Taja langu. Ni mimi."

Ambrose alimtazama. Hapo, katika chumba chenye picha za baba zake watatu, alikuwa amepewa kila alichokitaka. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, na kesho mtu huyu angefukuzwa wilayani, na Lavinia, asiye na mwingine wa kumchagua, angempa mkono.

"Unajua maana ya jambo unalolikiri?"

"Hapana, na ningefurahi kuelezwa, maana mimi ni mtu wa mjini. Wewe na mbwa wako mmeua mbweha wangapi msimu huu?"

"Kumi na saba."

"Na mimi?"

"Mmoja."

"Kwa hiyo mhalifu ni mimi."

"Bila shaka," alisema Ambrose kwa dhati. "Sisi tunawawinda. Yeye ana miguu yake, nasi tuna yetu. Kumvizia kwa bunduki ni mauaji."

Daktari alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mungu anisaidie, unaamini hivyo kweli."

"Uliuaje?"

"Kwa gobori la marehemu mume wake Bi Pruett. Limetundikwa juu ya meko."

"Kisha?"

"Kisha nikamzika. Ulitaka nimpikie mchuzi?"

"Ulimzikaje, Daktari?"

"Mbweha huzikwaje? Nilichimba shimo, nikamtupa, nikafukia. Hata sikumtazama."

Ambrose aligeukia dirishani ili uso wake usisomwe. Basi kijana huyu hakuwapo. Alikuwa amesimuliwa, na aliyemsimulia alisahau kumweleza habari za flana, au aliona haya kuzieleza. Mwongo huyu asiyejua kudanganya alikuwa amekuja kuitupa kazi yake, jina lake na mapenzi yake miguuni pa mshindani wake ili mwanamke mmoja asitazamwe vibaya. Ambrose alikuwa amefundishwa tangu utotoni kuwa hivyo ndivyo mwungwana afanyavyo. Hakutegemea kuliona hilo kwa mwana wa mwuza vitambaa.

Na lililomchoma zaidi lilikuwa dogo. Lavinia alipopatwa na hofu ile, mikono yake ikinuka baruti, alimkimbilia nani? Marlstone ilikuwa karibu zaidi kwa nusu maili.

"Nenda nyumbani, Daktari," alisema. "Kesho njoo kwenye mkutano."

"Utanitaja?"

"Njoo."

Jumamosi ilipambazuka bila mawingu. Mbele ya nyumba ya Chaddesley farasi wapatao arobaini walikanyagakanyaga majani yenye umande, makoti mekundu yalimeremeta, na watumishi walipita na sinia za mvinyo wa cheri. Mbwa walijikusanya kuizunguka miguu ya farasi wa Ambrose, wakimtazama usoni kama kila siku. Daktari Sarle alisimama peke yake kando ya ukuta, kwa miguu, na palipo yeye watu wote walikuwa wameacha nafasi.

"Daktari!" bwana mmoja mnene alimpigia kelele kutoka juu ya farasi. "Leo umekuja na bunduki au na vidonge? Tujue ni kipi cha kuogopa!"

"Kwa umbo lako, Bwana, vidonge," alijibu Sarle, lakini midomo yake ilikuwa myeupe.

Lavinia alikuwa kizingitini, nyuma ya baba yake, amevaa gauni la rangi ya kijivu. Hakuwa amelala; macho yake yalisema. Yalikwenda kwa Sarle, yakarudi, yakamwangukia Ambrose, na Ambrose akaona ndani yake kitu ambacho hakuwahi kukiona miaka yote ile. Alikuwa akimwogopa.

Kanali Chaddesley aliinua mkono, watu wakatulia.

"Ambrose, kijana wangu, kabla hatujatoka. Baba yako na mimi tulipanda pamoja miaka thelathini, wala hapakuwahi kutokea aibu ya namna hii. Mbweha amepigwa risasi. Sisi sote tunajua ni nani, lakini desturi ni Bwana Mkuu wa Mawindo atamke. Tamka, mtu huyo aondoke, tukafurahi."

"Kanali," alisema Ambrose, "sitamtaja mtu."

"Hutamtaja! Kwa nini?"

"Sina jina la kukupa, Kanali, isipokuwa langu."

Farasi mmoja alikoroma. Watu walitazamana. Sarle alijitenga na ukuta kwa hatua mbili kubwa.

"Huo ni upuuzi. Kanali, ni mimi. Nilimwambia jana."

"Alinijia, ni kweli," alisema Ambrose, bila kuipandisha sauti. "Daktari ana moyo mwema, na napenda mlisikie hilo kutoka kwangu. Lakini mwulizeni mbweha alizikwaje."

"Haya," alisema Kanali. "Alizikwaje?"

"Alitupwa shimoni, akafukiwa!"

"Spurling," Ambrose alisema. "Sema ulichokiona. Chote."

Spurling alikuwa amesimama kati ya mbwa, kofia mkononi. "Bwana mkubwa, usinilazimishe."

"Sema."

"Alilazwa ubavu wa kuume, Kanali," alisema Spurling. "Miguu imekutanishwa. Macho yamefunikwa flana."

Hapakuwa na mtu pale asiyeijua desturi ile. Wengi walikuwa wamemtania kwayo mezani. Nong'ono lilianzia mbele likaenda hadi kwa waliokuwa nyuma kabisa, na Ambrose aliliona likipita juu ya nyuso, na kila uso uliopitiwa nalo ulifungika. Kanali alishuka ngazi mbili. Alionekana mzee ghafla.

"Wewe? Mwana wa Godfrey?"

"Mimi ni mwana wa Godfrey, ndiyo."

"Kwa nini, ewe mtu? Ungekuwa na sababu! Alikuwa na upele? Alikuwa kilema? Nipe sababu hata moja, nitaipokea."

"Nimekwisha kusema yote ninayoweza kuyasema."

"Baba," alisema Lavinia.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Ambrose aliisikia, kwa kuwa alikuwa akiingoja. Alimgeukia, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimkatiza mwanamke maneno.

"Bi Lavinia, mwezi uliopita nilikuandikia barua. Mtu aliyesimama hapa niliposimama hana haki ya kumweka binti wa watu akingoja. Naiomba barua yangu irudi. Huna jibu la kunipa, na hunidai neno lolote."

Walitazamana. Ulikuwa mtazamo mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na waliokuwapo walidhani wanaona mwisho wa uchumba. Macho ya Lavinia yalijaa machozi yasimwagike. Midomo yake ilifunguka. Ambrose alitikisa kichwa, kidogo sana, kama alivyomtikisia alipokuwa na miaka tisa akitaka kuufungua tena udongo ili amwone Ringwood mara ya mwisho.

Lavinia alinyamaza.

Ambrose alilifungua baragumu kutoka kwenye tandiko, akalitazama jina la Hugh na la Godfrey, akamnyooshea Kanali. Kanali alilipokea kwa ncha za vidole. Mkono hakumpa.

Alikuwa amefika kwenye lango la chini, lile lile la kuchekea, aliposikia miguu ikikimbia juu ya kokoto. Lavinia alikuwa hana shali wala kofia.

"Bwana Ambrose! Simama, nakuomba!"

Alisimamisha farasi. "Upepo umegeuka, Bi Lavinia. Utashikwa na kifua."

"Usinizungumzie upepo! Kwa nini umefanya hivi?"

"Ulimfunika macho."

Alishika nguzo ya lango. "Nilijua ungejua. Siku mbili hizi nimengoja uje uniambie kuwa unajua." Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Nilikwenda kumwona Bi Keziah; alikuwa kitandani, hawezi hata kukohoa. Mbweha aliingia mchana kweupe, Bwana Ambrose. Nilimwona amemshika kuku wa mwisho, na yule mama alikuwa akilia kama mtoto, nikasahau mimi ni binti wa nani, nikalitwaa gobori lililokuwa juu ya meko. Mbweha alipoanguka nilimtazama. Alikuwa na maziwa. Alikuwa na watoto mahali fulani. Sikuweza kumtupa."

"La. Usingeweza."

"Nilikuwa na miaka tisa uliponifundisha."

"Miaka tisa na miezi minne," alisema Ambrose, kisha akatamani asingelisema, kwa jinsi Lavinia alivyomtazama.

Farasi alitafuna lijamu. Kulikuwa na swali moja ambalo Ambrose alikuwa ameapa, usiku mzima wa kuamkia siku ile, kwamba hataliuliza. Aliliuliza.

"Mbona hukuja kwangu? Marlstone ilikuwa karibu."

Lavinia aliinamisha kichwa. "Nilidhani ungenihukumu."

"Ningekuhukumu," alikiri Ambrose. "Kisha ningekupeleka nyumbani."

Hapo ndipo machozi yalipomwagika. "Narudi sasa hivi. Nitamwambia Baba mbele yao wote."

"Utamwambia kuwa mimi ni mwongo?"

"Nitamwambia kweli!"

"Yarudie maneno yangu, Bi Lavinia. Neno kwa neno. Lipi lilikuwa uongo?"

Aliyarudia kimoyomoyo, Ambrose aliiona midomo yake ikitembea. Kisha akamtazama kwa mshangao, kama mtu anayeona chumba kipya katika nyumba aliyokulia.

"Hakuna," alinong'ona. "Hakuna hata moja."

"Nilijitahidi sana. Daktari wako ndiye aliyesema uongo, na alisema vibaya mno. Ni mtu mzuri. Baba yako sasa amemsikia akitaka kubeba mzigo wa mwingine mbele ya wilaya nzima, na akimaliza kunikasirikia atalikumbuka hilo. Hatalikumbuka upesi, yeye ni Chaddesley. Ngoja." Alizikusanya hatamu. "Lakini nina sharti moja. Usimruhusu akudanganyie tena. Mtu mwema anaweza kulifanya hilo mara moja. Mara ya pili si mtu yule yule."

"Na wewe? Hawatakupokea tena. Utaketi peke yako pale kanisani, na wote watakutazama mgongo."

"Kiti ni kile kile," alisema Ambrose. "Nimekizoea."

Lavinia aliushika mkono wake wenye glavu, akauinamia, akaubusu. Ambrose alikaa wima juu ya tandiko, akitazama mbele, kwa kuwa hakujua mtu afanye nini na mkono uliobusiwa. Baba yake hakumwonyesha. Alipoachiwa aligusa ukingo wa kofia, akamwambia arudi ndani akatafute shali, akaenda zake.

Alikuwa amepanda nusu ya kilima baragumu lilipolia nyuma yake. Kanali alikuwa akilipuliza mwenyewe, na alilipuliza vibaya, noti ya mwisho ikavunjika. Mbwa waliitikia. Farasi wa Ambrose alisimamisha masikio, akageuka mzima mzima kuelekea mtoni, akitetemeka kwa hamu, maana kwa misimu minane sauti ile haikuwahi kulia bila yeye kuwa mbele ya wote. Ambrose alilazimika kuzivuta hatamu kwa mikono miwili. Aliuinamia mkono wa kuume kuurekebisha mkanda, akaona alama ndogo ya maji juu ya ngozi ya glavu, mahali machozi yalipoanguka. Alivua glavu ile kwa uangalifu, akaitia ndani ya koti, akaenda hadi nyumbani mkono mmoja ukiwa wazi kwa baridi.

Haya basi, ninyi mlio vijana. Najua mnavyosoma. Mnafungua kurasa mkiwatafuta wawili wanaopendana, na mzee mwenye uso mwekundu asimamaye kando mnampita bila kumwamkia. Lavinia alinyamaza siku ile, wala simlaumu kwa hilo, kwa kuwa alinyamazishwa. Bali nawaambieni kuwa furaha yote aliyoipata baadaye na Daktari wake aliipata juu ya mgongo wa mtu mwingine, naye alilijua hilo kila Jumapili alipoingia kanisani na kukiona kiti cha kushoto. Siku mtakapoongozwa kwenda arusini, geuzeni shingo zenu. Mtafuteni aliyesimama nyuma kabisa, ambaye hakuna amwulizaye neno. Nendeni kwake kwanza, kabla ya kukata keki, mkamwamkie kwa jina lake kamili na jina la baba yake. Nawataka mlifanye hilo. Siwaombi, nawaagiza.